MOTO WA PUMBA NDANI YA MWILI
Jinsi mwako usiozimika unavyouzeesha mwili kabla ya wakati wake

Watu wawili huweza kuandikishwa jeshini siku moja, wakapewa namba zinazofuatana, wakala chakula cha chungu kimoja kwa miaka 25, kisha wakastaafu pamoja wakiwa na miili isiyolingana hata kidogo. Mmoja hurudi kijijini, akashika jembe na kupanda kilima bila kutweta. Mwenzake hupumzika mara tatu kabla hajafika kisimani. Magoti yamekakamaa, pumzi ni fupi, na sukari imezidi katika damu. Daftari la kikosi linashuhudia kwamba umri wao ni mmoja, lakini miili yao inalikana daftari hilo. Majirani husema kuwa hiyo ni bahati, au ni damu ya ukoo, na wengine hunong'ona habari za mkono wa mtu. Bahati na ukoo vina sehemu yake. Hata hivyo, elimu ya miaka ya karibuni imefunua sababu nyingine, isiyoonekana kwa macho wala kutambulika kwa maumivu, nayo yafaa ieleweke katika kila nyumba na kila kambi.

Wataalamu hutofautisha umri wa kalenda na umri wa mwili. Umri wa kalenda huhesabiwa tangu siku ya kuzaliwa, na hakuna awezaye kuuongeza wala kuupunguza. Umri wa mwili ni kiasi cha uchakavu ulioingia katika mishipa, mifupa, misuli, figo na ubongo. Mwaka 2013, Steve Horvath wa chuo kikuu kimoja cha California, Marekani, alitangaza njia ya kukadiria umri wa mwili kwa kusoma alama za kikemikali zilizo juu ya vinasaba. Tangu hapo imedhihirika zaidi kwamba umri huu wa pili huenda mbio kwa mtu mmoja na kwenda taratibu kwa mwingine. Mojawapo ya mambo yanayouharakisha ni moto mdogo unaowaka ndani ya mwili bila kuzimika.

MWAKO NI NINI

Kila mtu aliyewahi kuchomwa na mwiba anaufahamu moto huo katika sura yake ya kawaida. Mahali palipochomwa pakawa pekundu, pakavimba, pakapata joto na kuuma. Dalili hizo nne ziliandikwa na Celsus, mwandishi wa Kirumi aliyeishi karibu miaka 2,000 iliyopita. Waganga wa leo huziita kwa jina moja, inflamesheni. Na kwa kuwa jina hilo ni zito mdomoni, katika ukurasa huu litatumika neno mwako.

Kila dalili ina kazi yake. Mishipa midogo ya damu hupanuka ili damu nyingi ifike mahali pa jeraha, ndipo ngozi ikawa nyekundu na yenye joto. Kuta za mishipa hiyo hulegea na kuruhusu maji na chembe nyeupe za damu zipenye, ndipo uvimbe ukatokea. Maumivu humlazimisha mtu akipumzishe kiungo chake. Chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili, huwasili kwa wingi, huwameza wadudu waletao ugonjwa na kuondoa takataka.

Mtu aliyetangulia kulieleza jambo hili kwa uthabiti ni Elie Metchnikoff. Mwaka 1882, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichukua viti vya pweza vichanga, yaani wale wanyama wa baharini wenye umbo la nyota, ambao wakiwa wachanga miili yao hupitisha mwanga. Aliwachoma kwa miiba ya waridi, akangoja hadi asubuhi. Alipotazama kwa darubini aliona chembe hai zimeuzunguka kila mwiba kama kikosi kilichomzingira adui. Kwa kazi hiyo na nyingine zilizofuata, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908 pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Hivyo basi ieleweke tangu mwanzo kwamba mwako si adui. Mtu asiye na mwako angeuawa na mkwaruzo mdogo wa seng'enge. Uzuri wake, hata hivyo, umo katika kumalizika kwake. Adui akishashindwa, mwili wenyewe hutoa amri ya kusitisha vita: chembe nyeupe huacha kuitana, mabaki husafishwa, na ngozi mpya huanza kuota. Kikosi hurudi kambini. Jeraha lililotunzwa vema hupita katika hatua zote hizo kwa siku chache au majuma machache.

ASKARI WASIORUDI KAMBINI

Shida huanza pale amri ya kusitisha vita isipotolewa, au inapotolewa huku king'ora kikiendelea kulia. Hapo askari hubaki barabarani na silaha mikononi, wala hakuna adui wa kupigana naye. Askari wa namna hiyo mwisho wake huwadhuru raia wale wale aliotumwa kuwalinda. Katika mwili, raia hao ni kuta za mishipa, chembe za misuli, mifupa na neva.

Mwaka 2000, Claudio Franceschi wa Chuo Kikuu cha Bologna, Italia, pamoja na wenzake, waliupa mwako huo wa uzeeni jina lake maalumu kwa kuunganisha neno la mwako na neno la kuzeeka. Walisema kwamba kadiri miaka inavyokwenda, watu wengi hubeba katika damu yao mwako hafifu wa kudumu. Si moto wa nyasi kavu, unaolipuka na kuisha upesi. Ni kama moto wa pumba za mpunga: hauna ndimi, moshi wake ni mwembamba, na mtu aweza kupita kando yake asiutambue, lakini asubuhi lundo zima huwa majivu.

Moto huo hupimwa kwa matarishi wake, yaani vitu ambavyo mwili huvitumia kupeleka habari za vita. Mmoja huitwa intaleukini 6. Mwingine ni protini iitwayo CRP, inayotengenezwa na ini, ambayo iligunduliwa mwaka 1930 huko New York na William Tillett na Thomas Francis katika damu ya wagonjwa wa nimonia. Mtu akipatwa na ugonjwa mkali wa kuambukizwa, CRP huweza kupanda mara mia kadhaa, kisha ikashuka apatapo nafuu. Katika mwako wa pumba hupanda kidogo tu, ila haishuki, na hukaa hivyo kwa miaka.

Madhara yake huja polepole. Ndani ya kuta za mishipa ya moyo, chembe nyeupe humeza mafuta, hunasa humo humo, na kufanya uvimbe ambao siku moja hupasuka na kuziba njia ya damu. Huo ndio mwanzo wa mishtuko mingi ya moyo. Katika misuli na ini, matarishi hao huuzuia mwili usiisikie vema insulini, na kisukari kikapata njia. Misuli hupungua, mifupa huwa myepesi, na hata ubongo hauponi. Haya ndiyo magonjwa ambayo watu wamezoea kuyaita ya uzee.

KUNI ZA MOTO HUO

Moto hauwaki pasipo kuni, na kuni za mwako huu ni za aina nyingi.

Ya kwanza ni chembe zilizochakaa. Mwaka 1961, Leonard Hayflick na Paul Moorhead, huko Philadelphia, Marekani, walionyesha kwamba chembe za kawaida za binadamu zikilelewa nje ya mwili hujigawa mara 50 hivi, kisha zikakoma. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa chembe hizo zilizokoma hukaa kimya. Mwaka 2008, kundi la Judith Campisi lilionyesha kuwa hazinyamazi: hutoa matarishi wa mwako kwa wingi na kuwachokoza majirani zao. Mwenye umri mkubwa huwa nazo nyingi, na mwili wake umepungukiwa na nguvu za kuziondoa.

Ya pili ni mafuta ya ndani ya tumbo. Watu wengi huyadhania kuwa ni akiba tulivu kama unga ghalani. Kumbe mwaka 2003 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mafuta ya mtu mnene hujaa chembe nyeupe zilizo katika hali ya vita. Kitambi, basi, si dalili ya cheo wala ya shibe njema. Ni jiko linalowaka usiku na mchana.

Ya tatu ni moshi, uwe wa sigara au wa kuni, maana chembe ndogo za moshi huingia hadi mwisho wa mapafu, na kila mvuto ni wito mpya kwa askari wa mwili. Ya nne ni maambukizo yasiyokwisha: ufizi unaotoka damu, jino lililooza, kidonda cha mguu kilichoachwa, na virusi visivyotibiwa. Ya tano ni dhiki ya moyo na ukosefu wa usingizi.

Kuhusu dhiki, uko ushahidi ambao akina mama wauguzao wagonjwa nyumbani wanapaswa kuusikia. Mwaka 2003, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Ohio, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 6 watu waliokuwa wakiwauguza waume au wake zao waliopoteza kumbukumbu. Intaleukini 6 katika damu ya wauguzaji hao ilipanda kwa kasi ya mara nne hivi kuliko ya wenzao wasio na mzigo huo. Anayemhudumia mgonjwa peke yake, mwaka baada ya mwaka, anazeeshwa na kazi hiyo. Kumpokea zamu ni tiba, wala si hisani tu.

FUNZO KUTOKA MULAGO NA MOSHI

Je, moto huu ni sharti la kila mzee? Ushahidi unasema kwamba sivyo.

Mwaka 2025 ulichapishwa uchunguzi uliolinganisha watu wa Italia na Singapore na jamii mbili zinazoishi maisha ya asili: Watsimane wa misitu ya Bolivia na Orang Asli wa Malaysia. Kwa watu wa Italia na Singapore, mwako ulipanda pamoja na umri na kufuatana na maradhi ya kudumu. Kwa jamii zile mbili nyingine haikuwa hivyo. Watsimane huwa na mwako mwingi kutokana na minyoo na maambukizo, ila haupandi kwa mpango ule ule wa uzee wala hauwaletei magonjwa yale yale. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2017 ulikuwa umekwisha onyesha kwamba kati ya Watsimane 705 waliopigwa picha za moyo, asilimia 85 hawakuwa na chokaa yoyote katika mishipa ya moyo. Watu hao hutembea, hulima, huvua na kuwinda kwa saa nyingi kila siku. Hakuna sababu ya kuitamani minyoo yao. Lakini iko sababu ya kuuliza ni nini katika maisha ya mjini kinachoufanya mwako udumu.

Swali hilo lina historia hapa Uganda. Hugh Trowell, aliyekuwa daktari mkubwa wa Hospitali ya Mulago, aliona kwa miaka mingi jinsi ugonjwa wa mishipa ya moyo ulivyokuwa haba miongoni mwa Waafrika. Ulikuwa haba hata mwaka 1956 yeye na mwenzake wakachapisha makala katika jarida la waganga wa Afrika Mashariki kueleza habari za mgonjwa mmoja tu wa namna hiyo. Leo hakuna jarida litakaloona ajabu kwa mgonjwa mmoja, maana wodi zinao wengi. Vinasaba vya watu havibadiliki kwa miaka 70. Kilichobadilika ni chakula, kazi na mwendo wa maisha.

Jawabu jingine limetoka jirani, chini ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi, Tanzania, na wenzao wa Uholanzi walitangaza matokeo ya jaribio lililowahusu wanaume 77 wenye afya. Waliozoea chakula cha asili cha mkoa huo, yaani ndizi, maharagwe, mihogo, mtama, ulezi na mboga za majani, walipewa kwa majuma mawili chakula cha kizungu cha siku hizi, kama soseji, mkate mweupe na chipsi. Vijana wa mjini waliozoea chakula hicho wakarudishwa kwenye chakula cha asili kwa muda huo huo. Kundi la tatu lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, kwa juma moja.

Majuma mawili ni muda mfupi kuliko likizo ya askari. Hata hivyo, waliohamia chakula cha kigeni walionyesha katika damu yao dalili za mwako kuongezeka, na chembe zao nyeupe hazikuwajibu wadudu kwa nguvu kama zamani. Waliorudi kwenye chakula cha asili walionyesha mwako kupungua. Baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yapo majuma manne baadaye. Waliokunywa kinywaji kilichochachushwa nao walipata nafuu fulani, ingawa waganga hawakusema hayo ili kuhalalisha ulevi. Pombe nyingi ni kuni kubwa kupita zote kwa ini. Lililo muhimu ni kwamba sahani ya matoke, maharagwe na dodo, ambayo vijana wa mjini huionea haya mbele ya wageni, ni silaha halisi dhidi ya uzee wa mapema.

Metchnikoff mwenyewe, katika uzee wake huko Paris, alihimiza watu wanywe maziwa yaliyoganda kila siku ili kuutuliza utumbo na kuchelewesha uzee. Hakuwa sahihi katika yote aliyoyawaza juu ya utumbo, lakini hakukosea alipodhani kwamba askari wa mwili hushiriki katika kuuzeesha. Wafugaji wa Ankole waliyajua maziwa hayo kabla ya kusikia habari za Paris.

WANAOISHI NA VIRUSI VYA UKIMWI

Liko kundi moja ambalo habari hii inalihusu kuliko mengine, nalo halipaswi kupitwa kwa aibu. Virusi vya UKIMWI huwasha mwako tangu siku za mwanzo. Huharibu ukuta wa utumbo, na vipande vya bakteria hupenya kuingia katika damu na kukiliza king'ora bila kukoma. Dawa huvituliza virusi na kuushusha mwako kwa kiasi kikubwa, ingawa mara nyingi hauushushi wote. Ndiyo maana mtu anayeishi na virusi kwa miaka mingi huweza kupatwa na ugonjwa wa moyo mapema kuliko wenzake wa rika lake.

Wako wanaosema: afya imerudi, dawa zipumzishwe kidogo. Wazo hilo lilipimwa katika nchi 33 kwa watu 5,472, na matokeo yakatangazwa mwaka 2006. Waliopumzisha dawa walikufa kwa kiwango cha karibu mara mbili ya wale walioendelea, na wengi wa waliokufa hawakuuawa na UKIMWI wenyewe. Damu yao ilipochunguzwa ilikutwa kwamba intaleukini 6 ilikuwa imepanda baada ya dawa kuachwa, na waliokuwa nayo nyingi ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Kwa hiyo, kuacha dawa ni kuuchochea moto uliokuwa umefifia.

Mwaka 2015 uchunguzi mwingine, uliowahusu watu 4,685 katika nchi 35, Uganda ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba walioanza dawa mapema walipungukiwa na hatari ya ugonjwa mzito au kifo kwa asilimia 57. Na mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya jaribio la watu 7,769 katika nchi 12, Uganda ikiwamo tena, ambalo lilionyesha kwamba dawa ya kushusha mafuta ya damu iitwayo pitavastatini iliwapunguzia wanaoishi na virusi matukio mabaya ya moyo kwa asilimia 35. Mwenye umri wa miaka 40 na kuendelea anayehudhuria kliniki aulize habari za moyo wake, na asingoje kuulizwa.

JE, IKO DAWA YA KUUZIMA?

Msomaji atauliza: ikiwa moto ndio unaozeesha, kwa nini usimezwe mchana na usiku mchango wa vidonge vya kuuzima? Jambo hilo limejaribiwa kwa uangalifu.

Mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya jaribio la dawa ya sindano iitwayo kanakinumabu, ambayo humziba mdomo tarishi mmoja wa mwako. Walioshiriki walikuwa watu 10,061 waliokuwa wamepatwa na mshtuko wa moyo na ambao CRP yao ilikuwa juu. Kwa kipimo cha miligramu 150, matukio ya mshtuko wa moyo, kiharusi na kifo cha moyo yalipungua kwa asilimia 15, ingawa mafuta ya damu hayakuguswa. Hapo ilithibitika kwamba mwako ni mshiriki katika uhalifu wala si shahidi tu. Lakini waliotumia dawa hiyo walikufa zaidi kwa maambukizo, na hesabu ya vifo vyote haikupungua kwa namna ya kuaminika. Mwenye kuwanyang'anya walinzi wote silaha asishangae mwizi akiingia.

Mwaka uliofuata, 2018, yalitoka matokeo ya aspirini. Wazee 19,114 wenye afya nzuri wa Australia na Marekani walipewa kidonge kidogo cha aspirini au kidonge kitupu kila siku kwa karibu miaka 5. Aspirini haikuwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu. Iliwaongezea kutokwa damu.

Habari hii iwafikie hasa askari wenye magoti na migongo inayouma, ambao wamezoea kununua dukani vidonge vya diklofenaki au ibuprofeni na kuvimeza kwa miezi bila kumwona daktari. Vidonge hivyo vina msaada kwa siku chache baada ya jeraha. Vikimezwa kwa muda mrefu huchimba vidonda vya tumbo, hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo. Figo ikishakufa haifufuki. Vivyo hivyo, atakayepita kambini akiuza chupa ya kurudisha ujana aulizwe imejaribiwa kwa watu wangapi, wapi, na mwaka gani. Akikosa jibu, fedha irudi mfukoni.

LA KUFANYA NYUMBANI NA KAMBINI

Kwa kuwa moto haujapata dawa moja ya kuuzima kwa usalama, lililobaki ni kuuondolea kuni, na kazi hiyo imo katika uwezo wa kila nyumba.

Bwana anayevuta sigara aache, na asivunjike moyo asipoona nafuu siku ya pili. Mwako wa tumbaku hupungua taratibu kwa miaka. Bibi anayepikia kuni au makaa apatiwe jiko lenye bomba la moshi, au angalau dirisha na mlango vilivyo wazi, na kuni ziwe zimekauka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi na hewa chafu ya nyumbani viliwaua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020. Moshi wa jikoni si sehemu ya kazi ya mwanamke. Ni hatari ambayo mume anaweza kuipunguza kwa tofali chache na udongo.

Askari anayestaafu asistaafu pamoja na miguu yake. Wengi hula kiasi kile kile walichokula walipokuwa wakikimbia kila alfajiri, huku kazi pekee iliyobaki ni kuhama na kivuli cha mti. Misuli inayofanya kazi hutoa ndani ya damu vitu vinavyotuliza mwako, na hilo hutokea katika umri wowote. Mwendo wa haraka wa nusu saa kila siku, au shamba dogo linalolimwa kwa mkono, hutosha kuwa mwanzo.

Wanaoshika zamu za usiku walipe deni la usingizi mchana, katika chumba chenye giza, na jamaa zao wawalinde na kelele. Kulala asubuhi baada ya lindo si uvivu. Meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku, na ufizi unaotoka damu upelekwe kwa mganga wa meno, kwa maana matibabu ya ufizi yameonekana kupunguza dalili za mwako katika damu. Kidonda kisichopona kwa majuma mawili kisifunikwe kwa kitambaa na kusahauliwa. Shinikizo la damu na sukari vipimwe walau mara moja kwa mwaka kwa kila aliyevuka miaka 40, awe na maumivu au asiwe nayo.

Na mezani, maharagwe, ndizi, mtama, njugu, samaki wadogo na mboga za majani virudishiwe heshima yake. Soda na vyakula vya kukaangwa viwe vya nadra, wala visiwe zawadi ya kila siku anayopewa mtoto kama ishara ya mapenzi, kwa kuwa kitambi kinachoanza utotoni huwasha moto utakaowaka kwa miaka 50.

Hakuna lolote kati ya hayo litakalomzuia mtu asizeeke. Uzee ni haki ya kila aliyejaliwa kufika huko. Lakini iko tofauti kubwa kati ya mzee anayewapeleka wajukuu shule kwa miguu na yule anayebebwa na wajukuu kwenda msalani. Mara nyingi tofauti hiyo haikuanza siku ya kustaafu. Ilianza miaka 30 nyuma, kwa kuni ndogo ndogo ambazo hakuna aliyejali kuziondoa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa mwili, ukishabomoka, hauna fundi wa kuujenga upya.